Bathtabu langu, dari lake

Kuna watu wakinunua fleti kwenye jengo la pamoja wanadhani wamenunua kila kitu kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kumbe umenunua nafasi iliyozungukwa na kuta, na taili, na rangi, na milango ya ndani, na mabomba fulani fulani, mengine yote ni yenu wote. Hata jina la majengo haya, kondominiamu, asili yake Kilatini, maana yake umiliki wa pamoja. (Wengine wanafupisha wanasema kondo, mi siwezi, kondo ninayoijua mimi iko leba inamfuata mtoto.)

Haya nilianza kuyajua Jumapili moja jioni, mzee wa chini yangu alipogonga mlango. Nikafungua, shikamoo mzee, marahaba, akaniangalia kidogo halafu akasema, "Hivi nyie huku juu mnaoga?"

Sasa swali kama hilo unalijibuje.

"Tunaoga mzee."

"Basi njoo uone maji mnayoogea yanaishia wapi."

Tukashuka. Dari la bafuni kwake ni la jipsamu, lina doa kubwa rangi ya chai, limevimba katikati kama shavu la mtu anayeumwa jino, na pale kwenye tundu la taa maji yanadondoka, tone moja, unasubiri, tone lingine. Chini ameweka ndoo, na ndani ya ndoo ameweka kitambaa ili mlio usimnyime usingizi. Hicho kitambaa ndo kilinimaliza, maana mtu hafikirii kitambaa siku ya kwanza wala ya pili, mzee alikuwa amevumilia muda mrefu kabla hajapanda ngazi. Nikamwambia kwanza tuzime hiyo taa kwenye swichi kuu, maji na umeme havijawahi kuwa marafiki.

Yeye hesabu yake ilikuwa imeshafungwa: maji yametoka juu, wa juu ni wewe, kazi kwisha. Na jengo zima wanahesabu hivyohivyo. Lakini maji yakishafika kwenye zege hayashuki wima kama jiwe, yanatambaa, yanafuata mteremko, yanafuata bomba au mrija wa nyaya za umeme, yakikuta tundu la kwanza ndo yanashukia hapo, na tundu la kwanza mara nyingi ni la taa. Kwahiyo doa linaweza kuwa hapa na ugonjwa uko mita tatu kule, pengine hata kwa jirani wa pembeni ambaye hakuna anayemdhania. Ila siku ile sikuwa na ubavu wa kumwambia mzee hayo huku ndoo yake inajaa, nikasema tu nitashughulikia.

Na hapo ndo nikafanya kosa ambalo lilikuja kunigharimu baadaye, nikachelewa. Si makusudi, unajua tena, kazi, watoto, fundi anasema nakuja kesho, kesho yake ni wiki ijayo.

Fundi wa kwanza alikuja na silikoni. Hakuuliza kitu, akapaka pembeni yote ya bathtabu pale linapokutana na ukuta, akapitisha kidole, likawa linapendeza kweli, akachukua chake akaondoka. Baada ya siku chache mzee huyo mlangoni. Baadaye ndo nimejua kwamba hata hiyo silikoni yenyewe ilipakwa vibaya, maana bathtabu la kawaida likijaa linabeba lita 150 mpaka 200, na lita moja ya maji ni kilo moja, ongeza na mtu mzima ndani unakaribia robo tani. Bathtabu la akriliki au faiba likibeba mzigo huo linazama kidogo, tena kidogo sana hata jicho halioni, lakini pale kwenye ukingo panafunguka. Ukipaka silikoni likiwa tupu, siku mtu akilala ndani inavutika inachanika. Mafundi wanaojua wanalijaza maji kwanza, ndo wanapaka, wanaliacha hivyohivyo mpaka silikoni ikauke, kisha ndo wanafungulia maji, likinyanyuka silikoni inabanwa badala ya kuvutwa. Kitu kidogo hivyo na hakuna aliyeniambia.

Fundi wa pili alifika na nyundo mkononi, "hapa bosi lazima tuvunje taili zote hizi". Fundi anayeanza na nyundo kabla ya swali mwogope, huyo nilimnywesha maji nikamuaga.

Wa tatu alikuwa fundi bomba mtu mzima, mpole, mwenye kijitochi cha kuvaa kichwani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Linadondoka saa ngapi?" Nikabaki namtumbulia macho. Mi nitajuaje, si kwangu linapodondoka. Tukashuka kwa mzee, na mzee bila kusema neno akaenda jikoni akarudi na kalenda ya ukutani. Kila siku iliyodondoka ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Maduara yote, yote kabisa, yalikuwa Jumamosi na Jumapili.

Fundi akacheka akasema hapa nusu ya kazi imeisha. Akanieleza hivi. Mabomba ya nyumba yako makabila mawili. Kuna bomba linaloleta maji safi, hilo muda wote limejaa na lina presha, likitoboka linavuja usiku na mchana halijui wikiendi, na ukitaka kulikamata funga koki zote za nyumba halafu kaa uitazame mita, ikizunguka ujue maji yanaenda mahali. Halafu kuna bomba la kutoa maji machafu, hilo liko tupu muda mwingi, linavuja pale tu linapotumika. Tukafunga koki zote, tukaitazama mita nusu saa nzima, haikusogea hata nywele. Basi ni bomba la kutolea. Lakini sasa sisi tunaoga kila siku, maji yanatoka kila siku, kwanini lidondoke wikiendi tu?

Akaniuliza, "Wikiendi nani anaoga kwa kulala?"

Jamani. Watoto. Katikati ya wiki kila mtu anaoga amesimama dakika tano anakimbia, wikiendi watoto wanalijaza mpaka juu wanakaa humo na vyombo vyao vya plastiki saa nzima.

Mzee akabaki chini na tochi, tukakubaliana akiona tone agonge bomba mara tatu na mpini wa ufagio. Fundi akaziba tundu la chini akajaza maji nusu, tukasubiri, kimya. Akafungulia yote yakashuka kwa mpigo, kimya. Akachukua bomba la mvua akaumwagia maji ukuta wa taili kila upande, kimya. Kisha akaziba tena akajaza, akajaza, mpaka maji yakafika kile kisahani kidogo cha mviringo kilichoko ukutani mwa bathtabu chini ya koki, yakaanza kuingia humo. Hazikupita dakika nyingi: ko, ko, ko.

Kile kisahani mi nilidhani ni urembo. Kumbe ni mdomo wa dharura, nyuma yake kuna bomba linaloshuka kuungana na lile la chini, ili ukisahau koki maji yapite hapo yasimwagike sakafuni. Na kati ya bathtabu na hilo bomba kuna mpira, na ule mpira wenyewe hauguswi na maji ila siku bathtabu limejaa, kwahiyo unakauka miaka na miaka. Fundi akafungua skrubu mbili, akachomoa kisahani, akaingiza kidole. Ulitoka vipande vipande kama biskuti. Akavipanga kwenye kiganja changu. Nilikuwa nimemlipa mtu wa silikoni, nikakaribia kuvunja taili, kumbe ni hiki.

Sasa wakati anafunga mpira mpya akasema maneno ambayo nimeyakumbuka sana tangu siku hiyo: "Hili la kwako. Lingekuwa lile pale," akanyoosha kidole kwenye kona ya ukuta, "lingekuwa la wote."

Lile pale ni bomba mama, yaani lile bomba nene la wima linalopokea maji machafu ya fleti zote kutoka juu mpaka chini. Majengo mengi yanafuata kipimo hichohicho: bomba linamhudumia nani? Kama linahudumia fleti yako peke yako, ni lako, hata kama limejificha ndani ya ukuta. Kama linahudumia zaidi ya mmoja ni la umoja wa wamiliki na linatengenezwa kwa mfuko wa pamoja. Bathtabu lenyewe, koki zake, mpira, trapu yake (kile kipande cha bomba kilichopinda kinachozuia harufu), silikoni, mkwaruzo, kutu, hayo hakuna kamati itakayokuja kukufanyia, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Lakini usikimbie na kipimo hicho kwenye kikao kabla hujasoma karatasi zenu, maana kuna majengo yanayogawa kwa mpaka na si kwa huduma. Yanasema kilicho ndani ya ukuta au ndani ya zege ni cha wote, basi, hata kama kinahudumia choo chako tu. Na kuna ile ya tatu ambayo ndo inawachanganya watu zaidi, sehemu ya pamoja yenye matumizi ya mtu mmoja, umiliki wa wote ila unatumia wewe peke yako, na gharama yake inaweza kuangukia upande wowote kutegemea ilivyoandikwa. Kwahiyo unaanza na sheria ya nchi uliyopo, unashuka kwenye hati iliyoanzisha kondominiamu na ramani zake, unashuka kwenye kanuni za umoja, halafu mwisho kabisa ndo mdomo wa meneja. Kwetu ilikuwa kinyume, mdomo wa meneja ulitangulia na watu walikuwa wanalipa kwa kuambiwa tu. Nilipoomba nakala ya hati niliangaliwa kama nimeomba figo.

Haya, mpira nimelipa mimi, hilo halina mjadala. Dari je?

Hapa ndo kuna utamu, na hapa ndo watu wanagombana mpaka wanaacha kusalimiana kwenye ngazi. Akili ya haraka inasema bomba lako limeharibu dari lake, lipa. Ila sehemu nyingi haiendi hivyo moja kwa moja, kitu kinachoangaliwa ni uzembe. Mpira uliofichwa nyuma ya kisahani ukichakaa wenyewe bila wewe kujua, na ulipojua ukachukua hatua, unaweza ukawa hudaiwi dari la mtu, kila mmoja anabaki na uharibifu wake na bima yake, labda kama hati yenu imesema vingine. Ila ukishaambiwa mambo yanageuka. Na mimi nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeambiwa Jumapili ile mlangoni, nikakaa, na watoto wakaendelea kuoga kila wikiendi na maduara mekundu yakaendelea. Sikuwa na pa kujificha.

Nilimuuliza mzee kuhusu bima yake akasema kuna ya jengo. Kweli ya jengo ipo, lakini ile kwa kawaida inashika kuta, zege, paa, mabomba ya pamoja, na vya ndani kama jipsamu uliyojiongezea mwenyewe inategemea mkataba umeandikwaje. Na hata ingekuwepo ya kwake, bima nyingi zinalipa maji ya ghafla, bomba limepasuka leo nyumba imefurika leo, haya ya tone tone ya miezi wanayaita uchakavu wanakurudishia fomu. Hebu fikiria, ile kalenda iliyotuonyesha ugonjwa ndo hiyohiyo ingemponza mbele ya watu wa bima, maana imeandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuwa anaona na anakaa kimya. Kitambaa kwenye ndoo. Nampenda mzee yule lakini na yeye alichelewa, na ukungu haungoji heshima, mahali pakikaa na unyevu saa 24 mpaka 48 tayari unaanza kuota.

Tukamalizana hivi: jipsamu na kazi ya kuifunga juu yangu, rangi juu yake. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote wawili, kila mtu na nakala. Kuna aliyeniambia nimejishusha, mi naona kumpandishia mzee wa watu kesi kwa kosa la kuchelewa kwangu ndo kujishusha.

Wiki chache mbele likatokea la kinyume chake kabisa. Kijana wa fleti ya chini kabisa aliamka akakuta bathtabu lake limejaa maji meusi yenye povu, na yeye hajafungua koki yoyote. Kamati wakamwambia limetokea kwako, ita fundi ulipe. Nikasema ngojeni. Bathtabu tundu lake liko chini kuliko sinki na kuliko choo, kwahiyo maji yakirudi nyuma pale ndo mlango wao wa kwanza, na yakipanda wakati mwenye nyumba hajatumia maji, tena na povu la sabuni ya kufulia asiyofua yeye, hayo ni maji ya watu wa juu wote yamekosa njia kwa sababu bomba mama limeziba chini yake. Tukafanya kitu rahisi, mtu wa ghorofa ya tatu akamwaga ndoo mbili chooni, kijana amesimama bafuni kwake anaangalia, yakapanda mbele ya macho ya mwenyekiti. Fundi alivyoingiza waya akatoa bonge la vitambaa vile vya kupangusia watoto, vilivyoandikwa pakiti kwamba vinaweza kutupwa chooni. Vinaweza, ndiyo, hata jiwe linaweza. Bili ikaenda mfuko wa pamoja, na kijana akasafishiwa bafu lake kwa mfuko huohuo.

Angelipa kimyakimya siku ile angekuwa analipa mpaka leo.

Kitu kingine nilichokiona kwenye hilo sakata, ni wale wanaofanya ukarabati kimyakimya. Kuna mwenzetu alitoa bathtabu akaweka sehemu ya kuogea ya kusimama, fundi wake akasogeza bomba la kutolea akaliunga kwenye bomba mama kwa kulitoboa anapopajua yeye, sakafu hakuweka ile tabaka ya kuzuia maji chini ya taili. Ukigusa bomba la wote bila ruhusa ya maandishi, sehemu uliyoigusa inaweza ikawa yako milele, wewe na atakayenunua kwako. Atakayenunua ndo namuonea huruma zaidi, yeye anaona taili mpya zinang'aa anajua amepata.

Na kama umepanga, umoja haukujui wewe, unamjua mwenye fleti. Mwandikie yeye, kwa maandishi, na picha, na tarehe, siku hiyohiyo unapoona doa. Jengo likiwa jipya bado, angalieni muda wa dhamana ya aliyejenga haujaisha, maana hapo huenda hamtakiwi kulipa nyie wala umoja.

Sasa turudi kwa mzee. Fundi jipsamu alipangwa aje Jumatatu kufunga lile tundu, mzee akakataa. Akasema halifungwi kitu mpaka mjaze hilo bathtabu lenu na mimi nikiwa hapa chini naangalia kwa macho yangu. Haki yake. Jumapili jioni nikaziba tundu, nikafungulia, watoto wakaja wamesimama mlangoni wanauliza kama wanaweza kuingia nikawaambia leo hapana. Maji yakapanda, yakafika kwenye kisahani, yakaanza kuingia yanatoa ule mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto. Nikaacha koki wazi kidogo ili yaendelee kupita. Simu iko sikioni.

"Mzee, yanapita sasa."

"Nasikia."

Dakika tano. Kumi. Mtoto mmoja anaangalia lile bomba la ukutani anasubiri ko ko ko maana tulishamsimulia. Kwenye simu nasikia mzee anavuta stuli, anapanda, anapumua.

"Mzee?"

"Ngoja nipapase." Kimya. "Pakavu."

"Kabisa?"

"Pakavu nimekwambia. Haya waache watoto waoge, mimi nakaa hapahapa."

Nikawageukia lakini walikuwa wameshaingia, mmoja bado na soksi.